Je, nikipumzika nitakuwa nimemtupa mwanangu?

SWALI: Mwanangu ana umri wa miaka 9 na ana mtindio wa ubongo. Hawezi kukaa bila kushikiliwa, hulishwa kwa kijiko, na ana kifafa anachotumia dawa asubuhi na jioni. Tangu azaliwe sijalala mbali naye, na sasa mgongo unaniuma kwa kumbeba. Wifi yangu amejitolea kukaa naye siku mbili ili nipumzike, lakini mavyaa anasema mtoto wa namna hii haachwi na mama yake, nami naogopa atapaliwa. Nifanyeje?
Mama, Kisauni, Mombasa

JIBU: Mama, ukubali msaada wa wifi yako, ila msianze na siku mbili. Mtoto anazidi kuwa mzito kila mwaka, na mgongo unaomnyanyua ni huo huo mmoja, kwa hiyo mapumziko yako ni sehemu ya matunzo yake. Mweleze mavyaa hivyo kwa heshima.

Hofu yako ya kupaliwa ina msingi, na dawa yake ni mafunzo. Wifi yako akae kando yako wakati wa chakula aone jinsi mtoto anavyokalishwa wima, kichwa kikiinama mbele kidogo bila kulegea nyuma, uji ukiwa mzito, kijiko kikiwa kidogo, na jinsi unavyongoja ameze kabla ya kumpa kingine. Kisha alishe yeye nawe ukitazama, mpaka moyo wako utulie. Akishakula asilazwe hapo hapo. Akae wima kama nusu saa. Hapo ndipo utoke alasiri moja, baadaye usiku mmoja, na siku mbili zitafuata.

Mwandikie dawa, kipimo na saa zake, kwa kuwa kukatiza dawa ya kifafa ghafla kunaweza kuleta kifafa kikali zaidi. Kikimshika, alazwe kwa ubavu, asitiwe chochote mdomoni, na kikipita dakika 5 apelekwe hospitali. Nauli iwe imeachwa nyumbani. Mwandikie pia yale unayoyajua wewe peke yako: mlio wa kiu, mlio wa maumivu, upande anaopenda kulalia.

Kuhusu fedha, uliza kwa chifu au ofisi ya maendeleo ya jamii kuhusu Inua Jamii, mpango wa serikali unaotoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Uandikishaji hufunguliwa kwa awamu, basi ulizia mapema. Kwa maoni yangu kiasi hicho ni kidogo mno kwa kazi ya usiku na mchana, lakini kinaweza kumlipa msaidizi kwa siku chache.

Baba wa mtoto hukumtaja katika barua yako. Ikiwa yupo, naye afundishwe kulisha.