Diski inaganda kwenye deki? Shusha bitireti

Maswali mengi yaliyoingia safari hii yanahusu kitu kimoja, DVD mtu kajichomea mwenyewe, afu akiiweka kwenye deki inakwamakwama. Nimechukua machache nayajibu moja moja, yaliyofanana nimeyaunganisha.

SWALI: Fundi habari. Nimetengeneza DVD ya sherehe, kwenye kompyuta inacheza safi kabisa ila kwenye deki ikifika pale watu wanacheza muziki na taa zinawakawaka inaganda, sauti inakatika, afu inaendelea. Nilirenda, yani kutoa video ya mwisho, kwa 9500 ili picha iwe kali, sauti nikaacha PCM, ile isiyopunguzwa ukubwa. Deki yangu mbovu?

JIBU: Salama. Deki muache kwanza, haina kosa. Hiyo 9500 ni kilobiti kwa sekunde, ndo bitireti yenyewe, yani mzigo wa data ambao deki inatakiwa iusome na kuufungua kila sekunde. Kanuni za DVD zinataka video isizidi 9800, na ukijumlisha vyote, video, sauti na maandishi ya chini, isizidi 10,080. Sasa piga hesabu ya kwako: sauti ya PCM ya stirio peke yake inakula 1536, weka juu ya 9500 unapata 11,036. Ushapita mpaka, na programu nyingine wala hazikuambii, zinachoma tu.

Afu angalia upande wa deki. Inasoma diski kwa spidi ya 1x, ambayo ni kama kilobiti 11,080 kwa sekunde, kwaiyo umeibana mpaka mwisho, haina hata nafasi ya kupumua. Lenzi ikikosa sehemu moja ikarudi kusoma tena, akiba ndogo ya data iliyokuwa kwenye memori ya deki inaisha, na ikiisha picha inaganda. Kompyuta haioni shida hiyo kwa sababu draivu yake inasoma diski kwa spidi mara kadhaa zaidi na memori iko ya kumwaga.

Na usishangae kwamba inakwama kwenye muziki na taa tu. MPEG-2, ambayo ndo fomati ya video kwenye DVD, inaokoa nafasi kwa kuhifadhi zaidi kile kilichobadilika kutoka fremu moja kwenda nyingine. Mtu kakaa anatoa hotuba, kinachobadilika ni mdomo na mikono. Taa zikianza kuwaka na kuzima ukumbi mzima, kila fremu ni mpya, bitireti inaruka juu ghafla, na hapo hapo ndo deki inachoka. Ongeza na hili kwamba diski ya kuchoma nyumbani inarudisha mwanga hafifu kuliko ile iliyogongwa kiwandani, kwaiyo lenzi inapata kazi zaidi ya kawaida.

Fanya hivi: wastani weka 5500 hadi 6000, kiwango cha juu kabisa usivuke 8000, sauti igeuze iwe AC3, ile iliyopunguzwa ukubwa, ya 192 au 224. Kwa macho hutaona tofauti ya maana na ile 9500, naongea kwa uhakika kabisa, maana DVD yenyewe ni pikseli 720 kwa 576 tu kwa mfumo wa TV wa PAL (au 720 kwa 480 kwa NTSC, mfumo wa Marekani), kuna mahali ukiongeza data picha haina tena pa kuiweka.

SWALI: Shikamoo fundi. Hiyo wastani mnaipataje? Mimi video yangu ni masaa mawili.

JIBU: Marahaba. Ni kugawanya tu. DVD ya leya moja, yani tabaka moja la data, ina baiti bilioni 4.7, zidisha kwa 8 unapata biti bilioni 37.6. Masaa mawili ni sekunde 7200. Gawanya, inakuja kama kilobiti 5220 kwa sekunde. Toa sauti 192, inabaki kama 5030, afu punguza tena kidogo kwa ajili ya menyu na ufungaji wa faili, weka 4800 ulale usingizi.

Mimi huwa sijazi diski mpaka pembeni. Diski inaandikwa kuanzia katikati kwenda nje, na ile sehemu ya nje kabisa ndo inashikwa na vidole na ndo mara nyingi uchomaji wake unakuwa dhaifu, ndo maana watu wengi wanalalamika "inacheza vizuri ila mwisho wa video inakataa". Na ukiwa na video ya lisaa limoja hesabu hii itakupa 10,400, usiifuate, rudi kwenye 6000 au 7000 na nafasi inayobaki iache wazi.

SWALI: CBR (bitireti isiyobadilika) au VBR (inayopanda na kushuka kufuata picha)?

JIBU: VBR ya kupita mara mbili, kama una muda wa kusubiri. Mara ya kwanza programu inaichungulia video nzima ijue wapi pagumu wapi parahisi, mara ya pili ndo inagawa biti. Lakini lazima uweke ule mpaka wa juu, mwisho 8000, kwa sababu VBR isiyo na mpaka inakupa wastani mzuri wa 5000 huku ndani kuna sehemu imeruka hadi juu, na deki haisomi wastani, inasoma sekunde iliyopo mbele yake. Wanaotumia programu ya kukonveti ya FFmpeg, ile setingi yake ya tayari inayoitwa pal-dvd inaweka wastani 6000, juu 9000 na sauti 448, ni sawa kikanuni ila kwa diski za kuchoma mimi naona ni kubwa, nazishusha zote.

SWALI: Nina mafunzo ya masaa matatu, nataka diski moja tu. Nikishusha hadi 3200 picha inakuwa vibokisi vibokisi.

JIBU: Usiendelee kushusha, punguza upana. DVD inaruhusu 352 kwa 576 (NTSC 352 kwa 480), nusu ya upana wa kawaida. Pikseli zikiwa nusu, zile 3200 zinatosha vizuri, picha inalainika kidogo lakini vibokisi vinaondoka, na kwa mtu anayefundisha mbele ya ubao inapendeza tu. Maandishi madogo sana ubaoni ndo yatateseka, hapo gawa diski mbili.

SWALI: Nimeshusha mpaka 4000 bado kamera ikipita pembeni picha inatetemeka mbele nyuma.

JIBU: Hiyo sio bitireti kaka, rudisha namba yako ilipokuwa. Kuganda na kukatika ndo dalili ya mzigo, ila kutetemeka wakati wa mwendo mara nyingi ni mpangilio wa fildi umegeuzwa. Fildi ni nusu ya fremu, mstari mmoja ndani mmoja nje, na hapo nusu ya pili inaonyeshwa kabla ya ile ya kwanza. Video ya kamera za DV inaanza na fildi ya chini, za HD nyingi zinaanza na ya juu. Badilisha hapo kwenye setingi, renda dakika moja, jaribu.

SWALI: Deki yangu imeandikwa DivX lakini MP4 za simu haisomi kabisa.

JIBU: MP4 za simu ndani yake kuna H.264 au HEVC, fomati za video za kisasa zaidi, na deki za hivyo zina chipu ya MPEG-4 ya zamani. Konveti iwe AVI ya Xvid, ambayo ndo MPEG-4 hiyo ya zamani, isizidi 720 kwa 576, zima setingi mbili za Xvid zinazoitwa QPEL na GMC, sauti MP3, na bitireti ya juu isipite 4000. 1500 wastani inatosha.

SWALI: Nimeshachoma diski kumi, naweza kupunguza bitireti humo humo?

JIBU: Hapana, ni kurenda upya, na urende kutoka faili la mwanzo la kamera, sio kutoka kwenye DVD, maana ukikamua kilichokamuliwa tayari uchafu wa kwanza unaonekana mara mbili. Choma moja kwanza, spidi 4x au 8x hata kama diski imeandikwa 16x, ifunge kabisa yani fainalaizi, usibandike stika ya karatasi juu yake maana inaiyumbisha ikizunguka. Afu iweke kwenye deki ya zamani kuliko zote unazoweza kuipata, peleka moja kwa moja kwenye zile taa na muziki, kisha dakika tano za mwisho. Ikipita hapo ndo uchome hizo tisa zilizobaki.