Amiba "ana", seli "ina": mbona ni kitu kilekile?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Nafundisha baiolojia tuisheni, wanafunzi wangu wengi wametoka shule za msingi za Kiswahili kwa hiyo kila topiki naanza kuwaelezea kwa Kiswahili ndo tunahamia Kiingereza. Kwenye topiki ya seli niliandika ubaoni "amiba ana seli moja, na seli hiyo ina kiini", mwanafunzi mmoja akaniuliza, sasa mwalimu kama amiba mwenyewe ndo hiyo seli, mbona mara "ana" mara "ina"? Sikuwa na jibu. Na bakteria je, "hawa" au "hizi"? Virusi? Mwenzangu ninayefundisha naye yeye kila chenye uhai anakiweka kwenye A-WA, noti zake zinasema "seli nyeupe ni askari wa mwili, wakiona bakteria wanawazunguka na kuwameza".

JIBU: Marahaba. Kwanza huyo mwanafunzi mnunulie soda, maana swali lake lina akili kuliko mengi ninayoletewa. Pili, sentensi yako iko sawa kabisa, usiifute. "Amiba ana" ni sawa na "seli ina" ni sawa, hata kama ukichungulia kwenye hadubini unachokiona ni kidude kimoja tu (hadubini jamani, sio darubini, darubini ni ya kutazamia meli na mwezi, hili nalo tumelisema mpaka tumechoka).

Tatizo linaanzia kwenye ile kanuni tuliyokaririshwa shuleni kwamba A-WA ni ngeli ya viumbe hai, basi. Mwenzako ameikamata hiyo akaenda nayo hadi mwisho wa njia. Lakini hebu angalia, mwembe una uhai, unakunywa maji, unakua, unazaa, na hata siku moja hujasikia mtu anasema mwembe amezaa mwaka huu, ni umezaa. Moyo unadunda, ini linafanya kazi usiku na mchana, jicho linaona, vyote hivyo vina uhai tele na hakuna hata kimoja kilichopewa "a". Kwa hiyo uhai peke yake hautoshi. Mwenzako akitaka kuwa mkweli kwa kanuni yake itabidi aandike pia "mchicha amechipua".

Kinachoombwa na A-WA ni vitu viwili kwa pamoja. Kitu kiwe ni nafsi nzima inayojitegemea, sio kipande cha mwingine, halafu wasemaji wenyewe wawe wanakihesabu katika kundi la mtu, mnyama au mdudu. Amiba anavuka vizuizi vyote viwili bila taabu. Anasogea kwa kusukuma miguu yake ya bandia, anakizingira chakula anakimeza, akishiba na kukua anajigawa wanakuwa wawili. Ukimwonyesha bibi yako kijijini atakwambia huyo ni mdudu tu. Na mdudu ni "a".

Seli sasa ni jina la namna nyingine, ni jina la muundo. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichukua kipande chembamba cha gome, lile la kutengenezea vizibo vya chupa, akaona vijumba vitupu vimepangana, akaviita kwa neno la lugha yake lenye maana ya chumba kidogo, na ndilo hilo lililotufikia sisi kama seli. Wakenya ukiwaambia fulani kalala seli wanaelewa polisi wamemkamata, Bongo tunasema selo, asili ni hiyohiyo moja. Sasa chumba kinaweza kuwa na vitu ndani, kiini, utando, saitoplazimu (ule ute unaojaza seli), lakini chumba hakiwi "yeye". Ndo maana seli imekaa kwenye I-ZI na haina haja ya kuhama hata ikiwa ndo mwili mzima wa kiumbe.

Na hili la kitu kimoja kubeba majina mawili yenye upatanisho tofauti sio geni kwetu wala halijaletwa na sayansi. Msibani wengi wetu tunasema maiti imeshaoshwa, dakika hiyohiyo tunasema marehemu ameacha watoto wanne. Mtu ni mmoja. Ukimtaja kama mwili ni "i", ukimtaja kama mtu ni "a". Upatanisho unafuata jina ulilolichagua na jicho ulilotazamia, haufuati kile kitu chenyewe kilicholala pale. Mwanafunzi wako ukimpa mfano huu ataelewa haraka kuliko ukimpa jedwali la ngeli.

Ukitaka kuwachangamsha zaidi wapeleke kwenye topiki ya uzazi, hapo ndo pana raha. Mbegu ya kiume ni seli moja, ina kichwa, ina mkia, inaogelea, ukiitazama utaapa ni mdudu anakwenda zake. Lakini Kiswahili kimegoma, ni mbegu za kiume zinaogelea, sijawahi kusikia "wanaogelea", labda mtu akiwa anatania. Kwa nini, kwa sababu tunaiona kama mali ya mwenye nayo, haina maisha yake yenyewe. Yai nalo linarutubishwa, LI-YA. Zikiungana tunapata zaigoti, zaigoti inagawanyika, ni I-ZI. Ikiendelea inakuwa kiinitete, kiinitete kinakua, tumeingia KI-VI. Halafu mama mjamzito anakaa kwenye kochi anashika tumbo anasema "mtoto anacheza", tayari, "a" imefika! Ni safari moja isiyokatika lakini lugha imebadilisha ngeli njiani kila tulipobadilisha jina, na ile "a" haikuja kwa sababu uhai umeanza siku hiyo, uhai ulikuwepo tangu kwenye yai, imekuja kwa sababu mama ameshamwona mtu.

Bakteria. Andika bakteria hawa, bakteria wanaishi, bakteria mmoja, bakteria wengi. Utakutana na "bakteria hizi" na hata "bakteria haya", sitakukamata kwa hilo, lakini A-WA ndo nzuri zaidi na sababu ni ileile ya amiba, bakteria ni seli moja inayojitafutia maisha, na sisi tangu zamani tuliwatia kwenye kundi la wadudu. Nenda maabara yoyote ya mtaani upime malaria utaambiwa una wadudu wawili, au wanne, na mgonjwa anarudi nyumbani anatangaza idadi ya wadudu wake kama anatangaza matokeo ya mtihani. Wale nao ni viumbe wa seli moja (sio bakteria, lakini ni seli moja moja), hakuna mwenye mbawa wala miguu sita. Mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft kule Uholanzi, Antoni van Leeuwenhoek, alipowaona viumbe wa seli moja kwenye maji naye aliwaita wanyama wadogo katika barua yake ya mwaka 1676 kwenda London, kwa hiyo watu wa maabara zetu hawako peke yao. Kitu kimoja tu nakuomba, usiandike "mabakteria", bakteria inatosha kwa umoja na wingi.

Vimelea na vijidudu ndo panapouma kichwa. Kwa kanuni ya kawaida mnyama akiwa na jina lenye ki- bado anachukua "a", kiboko anaoga, kifaru amekasirika, kiroboto ameruka, hakuna anayesema kiboko kinaoga. Kwa mantiki hiyo ungetegemea "vimelea wa malaria wanaishi". Lakini matumizi yamekwenda kwingine, tunasema vimelea vya malaria, vinaingia kwenye ini kwanza halafu vinaingia kwenye seli nyekundu za damu, vinazaliana humo mpaka seli inapasuka. Kimelea kimetokana na kumelea, kile kinachomea juu ya mwingine, ni kama jina la kazi kuliko jina la mnyama, na mimi naona VI imekaa vizuri. Vijidudu vilevile, hiyo -ji- ya kudunisha inavuta ki-vi kama tunavyosema kitoto kinalia au kijitu kile kimerudi. Ukikuta "vijidudu wanaosababisha kipindupindu" usikimbilie kalamu nyekundu, wapo waandishi wazuri tu wanaoandika hivyo. Shida ni kuchanganya, sentensi moja "vijidudu wanaishi" ya pili "vijidudu hivyo vinazaliana". Chagua moja ukae nayo.

Virusi hapana mjadala, ni virusi vya UKIMWI, virusi vya korona, umoja kirusi. Neno lilipoingia wasemaji walisikia vi- mwanzoni wakalitupa KI-VI moja kwa moja, wakajitengenezea na umoja wake, kazi ikaisha (ndo maana kirusi herufi ndogo kinaleta mafua na Kirusi herufi kubwa kinazungumzwa Moscow). Na hapa bahati imetuangukia, kwa sababu virusi sio seli, havina saitoplazimu, haviwezi kuzaliana mpaka viingie kwenye seli ya mwingine, na wanabaiolojia wenyewe wanabishana kama viitwe viumbe hai. Kwa hiyo "virusi wanaishi" ina kosa la sarufi na inaleta ubishi wa kisayansi juu yake.

Sasa usije ukadhani kila kitu kina mantiki, hamna. Hamira ni maelfu kwa maelfu ya viumbe wa seli moja wanaojitegemea kabisa, kwa kanuni yangu mwenyewe walistahili "wa", lakini jikoni tunasema hamira imekufa ndo maana unga haujaumuka, hakuna atakayesema wamekufa, kwa sababu tunaijua kama unga wa kwenye pakiti. Ndugu zake uyoga unaota. Ila fangasi wa miguuni wanamsumbua mtu! Wote ni ukoo mmoja, lakini anayetuwasha tumempandisha cheo akawa mdudu.

Na kuna kimoja nakipenda sana, mitokondria, vile viungo vidogo vya ndani ya seli. Wanabaiolojia wengi siku hizi wanakubali kwamba mitokondria asili yake ni bakteria aliyemezwa na seli nyingine zamani za kale akabaki humo akifanya kazi ya kutoa nishati, hoja aliyoipigania Lynn Margulis kuanzia makala yake ya 1967, na bado mitokondria ina DNA yake yenyewe mpaka leo. Soma tena hiyo sentensi, nimeandika "aliyemezwa" halafu "ina". Sikufanya makusudi mwanzoni, lugha imeniongoza. Alipokuwa huru alikuwa yeye, alipogeuka kiungo cha mwingine ikawa hiyo.

Tumalizie na askari wa mwenzako. "Seli nyeupe ni askari wa mwili" haina ubaya, na ile "wakiona wanawazunguka" imevutwa na neno askari lililo karibu, watu wanaongea hivyo kila siku na kwenye insha ningeipitisha. Kwenye jibu la baiolojia nisingeipitisha, kwa sababu kile kiambishi "wa" kimejaa kotekote, mwanafunzi hajui nani kamzunguka nani, seli ndo zinameza au bakteria ndo wanameza. Rudi kwenye seli: "Seli nyeupe ni askari wa mwili, zikikutana na bakteria zinawazunguka na kuwameza." Hapo "zi" ni mmezaji na "wa" ni mmezwaji, huhitaji hata mchoro. Mwambie abadilishe na ile "wakiona" yenyewe, seli haina macho, inawatambua bakteria kwa kemikali.