Laptopu kuchelewa kuwaka: usikimbilie RAM

Dada wa Kondele, umeuliza kama kuongeza RAM (kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hutumia ikiwa inafanya kazi) kutaponya laptopu yako inayochukua karibu dakika 5 kuwaka. Tafadhali usitoe pesa kwanza.

Ikishawaka, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager, dirisha linaloonyesha kinachoendelea ndani ya kompyuta, itafunguka. Kwenye Startup utaona programu zinazojiwasha pamoja na Windows. Zile usizozihitaji kila asubuhi, kama Spotify au Teams, bofya Disable. Hujazifuta, utazifungua mwenyewe ukizitaka. Antivairasi iache.

Kisha nenda Performance, utazame diski. Ikiwa imeandikwa HDD na matumizi yamekwama 100% kwa dakika kadhaa, basi mgonjwa ni diski. HDD ina sahani zinazozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, na kichwa kinachohangaika huku na kule kutafuta mafaili madogo madogo ambayo Windows huyahitaji inapowaka. SSD, aina nyingine ya diski, haina kitu kinachozunguka, ndiyo maana inasoma haraka vile. Laptopu yangu ya mtumba, niliyoinunua Nakuru, ilitoka kuwaka kwa dakika 4 hadi sekunde 20 hivi baada ya kuwekewa SSD. RAM ilibaki ileile, 4GB.

Kabla fundi hajaifungua laptopu yako kubadilisha diski, nakili kazi zako zote kwenye diski ya nje. Nakusihi sana, maana jirani yangu alipoteza mradi wake wa mwaka mzima. Na diski ya zamani udai urudishiwe, ina mambo yako.

Ukishaangalia, niambie imeandikwa HDD au SSD, nikuelekeze zaidi.