Kabla ya kuandika programu, jua unasimama juu ya nini

Vijana mnaoingia kwenye kazi ya programu hapa Kisumu, wengi wenu mnakuja na swali la namna ya kuzishinda kampuni kubwa. Ningependa muanze na lingine: bidhaa yako itasimama juu ya nini, na mwenye kitu hicho ni nani?

Mikopo ya simu inalieleza jambo hili vizuri kuliko biashara nyingine yoyote ninayoijua. Tala na Branch, programu za mikopo za kampuni binafsi, zinashindana na M-Shwari, iliyoanza 2012, na Fuliza, iliyoanza 2019, ambazo zote zimo ndani ya M-Pesa ya Safaricom. Lakini mteja wa Kondele akikopa Tala, pesa humfikia kwa M-Pesa, na siku ya kulipa anarudisha kwa M-Pesa. Kwa hiyo mshindani akipata wateja zaidi, Safaricom nayo inapata ada zaidi. Ada hizo, msidanganywe, mwishowe zinaingia katika bei ya mkopo.

Programu yenyewe nayo mteja anaipakua Google Play. Benki Kuu ilitoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali 2022, na mapema 2023 Google ikaanza kudai programu za mikopo nchini Kenya zionyeshe leseni, au ushahidi kwamba imeombwa, la sivyo ziondolewe. Kwangu mimi sharti hilo lilikuwa la haki kabisa. Watu walikuwa wakiaibishwa kwa jamaa zao kwa deni la shilingi mia chache. Hata hivyo angalieni vizuri: kanuni ni ya Kenya, ila mkono unaoweza kuiondoa biashara sokoni kwa siku moja ni wa kampuni ya Marekani.

Kutegemea si aibu. Bila M-Pesa ya 2007, nani angeweza kumkopesha mtu asiyemjua shilingi mia tano na kurudishiwa bila kufunga safari? Soko hilo lisingekuwepo. Hata majitu yanategemeana: Netflix inaendesha huduma zake kwenye kompyuta za Amazon, ambayo ina Prime Video yake. Hatari inakuja pale mwenye njia anapobadilisha masharti nawe huna pa kugeukia.

Na msijenge mkitumaini kwamba serikali itafungua njia haraka. Mawakala wa M-Pesa walikuwa hawaruhusiwi kuhudumia mitandao mingine mpaka Mamlaka ya Ushindani ilipoingilia kati, 2014. Kutumiana pesa moja kwa moja kati ya M-Pesa na Airtel Money kukaja 2018. Mteja wa Airtel kulipa kwenye namba ya Lipa na M-Pesa ya dukani? 2022. Mambo yalifunguka, ndiyo, lakini kampuni changa haiwezi kungoja miaka yote hiyo.

Sasa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kibuye amekuita umtengenezee mfumo wa mauzo. Utaunganisha na Daraja, njia ya Safaricom ya kuunganisha mifumo ya wengine na M-Pesa, na ni sawa, wateja wake wako M-Pesa. Ila sehemu ya malipo iandike peke yake, isitapakae kwenye mfumo mzima, ili siku akitaka Airtel Money au benki uongeze bila kubomoa. Kila oda ipe namba yake, inayotolewa na mfumo wako mwenyewe. Hapa wengi huumia: walikuwa wakimtambua mteja kwa namba ya simu inayokuja na taarifa ya malipo. M-Pesa ilipoanza kuificha sehemu ya namba hiyo kulinda faragha, jambo jema kwa mlipaji, rekodi zao zikawa hazimtambui mtu. Mwombe mteja mwenyewe jina na namba yake ya simu, kwa ridhaa, uhifadhi kwenye mfumo wako. Na jibu la malipo lisipofika, mfumo wako uulize hali ya muamala. Usimwache mtu amesimama kaunta na pesa imeshakatwa.

Mwenye duka atasema hayo yote yanaongeza gharama. Ya Airtel na benki yanaweza kusubiri mpaka ayahitaji. Namba za oda na orodha ya wateja wake usikubali kuziacha, hata kama hatakulipa kwa siku hizo za ziada.