Maswali ya Wasomaji: Mawese Hayatoki kwa Kitakasa

Barua za safari hii zimetoka Kigoma na Tabora, na zote zinaulizia ile chupa ya kitakasa mikono iliyobaki mezani tangu siku za korona.

*Wahariri, salamu. Nina kibanda cha chakula karibu na soko la Mwanga, Kigoma mjini. Napika ugali wa muhogo, migebuka na dagaa wa mawese. Tangu 2020 naweka kitakasa mikono mezani, na beseni la maji pembeni. Siku hizi wateja wengi wanapaka kitakasa tu, wanakula. Chupa ya nusu lita haimalizi wiki. Ni lazima niendelee kuinunua?*
Mama lishe, Mwanga

Si lazima, mama, na kwa kazi yako hata haitoshi. Alkoholi inaua vijidudu kwa kuvuruga protini na utando wao, lakini haiondoi kitu mkononi. Inapaa, taka inabaki palepale. Mteja aliyetoka kupakia dagaa mwaloni Kibirizi ana magamba, mchanga na utelezi wa samaki, na vijidudu viko chini ya utelezi huo wakati alkoholi inapita juu. Mawese ni shida zaidi, kwa sababu yakipoa yanaganda kwenye mikunjo ya vidole na ndani ya kucha. Jaribu mwenyewe: paka kitakasa kwenye vidole vyenye mawese, sugua, kisha futa kwa karatasi nyeupe. Utaona rangi.

Sabuni inafanya kazi ya namna nyingine. Chembe yake ina upande unaoshika mafuta na upande unaoshika maji, hivyo mafuta yanang'oka na kwenda na maji, pamoja na vijidudu, vilivyo hai na vilivyokufa. Sabuni ya mche ya kawaida inatosha. Zile zinazouzwa ghali kwa jina la "kuua bakteria", Marekani ilizibana mwaka 2016, ikapiga marufuku triklosani na dawa nyingine 18 katika sabuni za kunawia nyumbani, baada ya watengenezaji kushindwa kuonyesha kwamba zinashinda sabuni ya kawaida.

Tena kuna vijidudu ambavyo kitakasa hakiviwezi vizuri. Norovirusi, anayeleta kutapika na kuharisha, anakivumilia. Mayai ya minyoo ndiyo kabisa. Bakteria wa kipindupindu anakufa kwa alkoholi, lakini njia zake kuu ni maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi. Kilipolipuka Kagunga Mei 2015, kijiji kidogo cha ufukweni kilikuwa kimejaa wakimbizi kutoka Burundi kwa muda mfupi, na pengo lilikuwa vyoo na maji salama.

Kilichotushtua zaidi kwenye barua yako ni beseni. Mteja wa kumi ananawa uchafu wa tisa waliomtangulia. Rudisha kunawisha kama nyumbani: mtu anamwaga kwa jagi, beseni linapokea maji machafu tu. Ukiweza, weka ndoo ya lita 20 yenye koki. Mteja alowanishe mikono, apake sabuni, asugue sekunde 20 bila kusahau kidole gumba, katikati ya vidole na kucha, ndipo asuuze. Taulo moja linaloning'inia kwa wote litarudisha kila kitu, kwa hiyo bora akung'ute mikono ikaukie hewani. Isibaki na maji, maana mkono uliolowa unaokota na kuacha vijidudu kirahisi kuliko mkavu.

Kitakasa bakiza cha kwako, kwa pale unapopokea hela kisha unataka kushika sahani, kama mkono hauna mafuta. Mililita 3 hivi, yaani kijidimbwi katikati ya kiganja, sugua sekunde 20 hadi 30 mpaka kikauke chenyewe. Kikikauka baada ya sekunde 10, ulipaka kidogo. Usikipake kwenye mkono wenye maji, kinapungua nguvu. Na usisogelee jiko la mkaa kabla hakijakauka: alkoholi inashika moto, na mwali wake mchana ni shida kuuona.

*Mimi ni bodaboda wa Ujiji. Maji ya kunawa sipati njiani. Jamaa kanishauri nichanganye gongo au spiriti na jeli ya nywele. Inafaa?*
Bodaboda, Ujiji

Mtu wa kitakasa hasa ni wewe: mikono mikavu, hela na kofia za abiria mchana kutwa, bomba hakuna. Ila mchanganyiko huo achana nao. Inahitajika alkoholi ya asilimia 60 kwenda juu. Pombe kali nyingi za chupa ni 35 hadi 40, na gongo hakuna anayejua ina ngapi. Spiriti nyingi za dukani zina methanoli, sumu inayopenya hata kwenye ngozi, na ikinywewa inapofusha.

Usiongeze maji ili chupa idumu. Lita moja ya asilimia 70 ukiitia glasi ya mililita 250, inashuka hadi 56, na hapo unapaka maji yenye harufu. Alkoholi tupu ya asilimia 99 nayo si bora: inapaa upesi mno, na bila maji kidogo haivunji protini vizuri.

Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ipo. Kwa lita moja: ethanoli ya asilimia 96 mililita 833, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 42, gliserini mililita 15, kisha maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka ifike lita. Inafunikwa na kuachwa saa 72, peroksaidi imalize vijidudu sugu vilivyoingia na maji au vyombo. Hiyo ni kazi ya mfamasia mwenye vipimo. Wewe nunua chupa yenye lebo inayotaja asilimia, ifunge barabara, usiiache juani juu ya tangi. Mfuniko ukilegea, alkoholi ndiyo inayotangulia kupaa.

*Shule yetu ya msingi hapa Tabora ina wanafunzi 600. Kamati inataka kununua vitakasa. Mnashauri nini?*
Mwalimu, Tabora

Piga hesabu kwanza, mwalimu. Mililita 3, mara mbili kwa siku, watoto 600: lita 3.6 kila siku ya masomo, na mikono iliyotoka kwenye vumbi haitasafishika. Fedha hizo zielekezwe kwenye vibuyu chirizi na sabuni.

Kibuyu chirizi kinatengenezwa hivi: dumu la lita 5, msumari uliopashwa moto, tundu sentimita 12 hivi chini ya mfuniko. Kosa linalorudiwa ni kutoboa karibu na kitako, likavuja mchana kutwa. Maji yakae chini ya tundu, yatoke dumu linapoinamishwa kwa kamba na kijiti cha kukanyagia, ili mtoto aliyetoka chooni asishike kitu. Sabuni ya kipande huibwa au huyeyuka kwa mvua, basi tia gramu 30 za sabuni ya unga kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, toboa mfuniko. Vibuyu viwe hatua chache tu kutoka chooni. Vikiwekwa mbali, watoto wanavipita mbio kuwahi kengele.

*Mtoto wangu wa miaka miwili alilamba kiganja nilichompaka kitakasa. Nifanyeje?*
Mzazi, Kigoma

Kiganja kilichokauka si neno. Kunywa ni jambo jingine, kwani mafunda machache yanaweza kumlewesha mtoto na kushusha sukari yake mwilini. Akisinzia, akilegea au akitapika, mkimbize kituo cha afya. Usimtapishe, na chupa nenda nayo, wasome lebo.