Mwebrania, Mwisraeli, Myahudi: Ibrahimu aitwe nani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha shule ya Jumapili hapa Morogoro. Tulipokuwa tunaandaa somo la mababa wa imani, mwenzangu aliandika ubaoni "Ibrahimu, Myahudi wa kwanza". Mzee wa kanisa akafuta, akasema Ibrahimu alikuwa Mwebrania, na kwamba hata Musa hakuwa Myahudi. Mwalimu wa tatu akasema tunapoteza muda, maneno hayo yote ni mamoja. Nani yuko sahihi? Na je, ni kweli kwamba "Mayahudi" ni neno la dharau? Pia nisaidie: Ibrahimu au Abrahamu?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Mzee alikuwa na sababu nzuri ya kufuta, ingawa mwenzako naye hakuokota maneno yake barabarani; nitaeleza. Ninayepingana naye ni huyo wa tatu. Maneno haya yanahusu watu wa nasaba moja, lakini kila moja lina wakati wake na watu wanaolitamka. Mtoto akifundishwa kwamba ni mamoja, atafika kwenye vitabu vya Wafalme ashindwe kujua nani anapigana na nani.

Nasaba peke yake inamaliza nusu ya ubishi. Ibrahimu alimzaa Isaka, Isaka akamzaa Yakobo, Yakobo akawazaa wana kumi na wawili, na Yuda ni mmoja wao, mwana wa nne wa Lea. Neno Myahudi linatokana na jina la huyo Yuda. Kwa Kiebrania yeye ni Yehuda na mtu wake ni yehudi. Waarabu wakasema yahudi, nasi tukalipokea kwao. Sasa Yuda ni kitukuu wa Ibrahimu. Kwa upande wa ukoo, kumwita Ibrahimu Myahudi ni kumpa mzee jina la mlango ulioanzia kwa kitukuu wake. Musa naye ni wa kabila la Lawi kwa baba na kwa mama, kama Kutoka 2:1 inavyosema, na Lawi ni kaka yake Yuda. Mzee wenu hajakosea hapo.

Mwebrania ndilo jina ambalo Maandiko yenyewe yanampa Ibrahimu. Katika Mwanzo 14:13, mtu aliyeponyoka vitani anakuja kumpasha "Abramu Mwebrania" habari kwamba Lutu ametekwa. Wataalamu hawajaafikiana kuhusu asili ya jina hilo. Wapo wanaolihusisha na Eberi, babu anayetajwa katika vizazi vya Shemu, na wapo wanaolihusisha na kitenzi cha Kiebrania chenye maana ya kuvuka, kwa kuwa Ibrahimu alitoka ng'ambo ya mto Frati. Kwa matumizi, hata hivyo, jambo moja linaonekana wazi ukisoma kwa utulivu: mara nyingi neno hili hutamkwa na mgeni anayewazungumzia watu hawa, au na wao wenyewe wanapozungumza na mgeni. Mke wa Potifa analitumia kumsema Yusufu. Binti Farao analitumia anapomwona mtoto ndani ya kisafina. Wafilisti wanalitumia wanaposikia kelele za kambini. Yona naye, mabaharia wanapombana wajue katoka wapi, anajibu kwamba yeye ni Mwebrania.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Kutoka 5, aya tatu za kwanza. Musa na Haruni wanaingia kwa Farao wakisema wametumwa na BWANA, Mungu wa Israeli. Farao anajibu kwamba BWANA huyo hamjui. Hapo hapo, katika aya ya tatu, wanabadilisha: "Mungu wa Waebrania amekutana nasi." Mungu ni yule yule na ujumbe ni ule ule, lakini jina la watu limegeuzwa liwe lile ambalo Mmisri amelizoea. Rudi nyuma hadi sura ya 3 uone jinsi Musa alivyoagizwa: akiwaendea wazee wa Israeli, awatajie Mungu wa baba zao, wa Ibrahimu, Isaka na Yakobo, akimwendea mfalme wa Misri, amtajie Mungu wa Waebrania. Tofauti hiyo ilipangwa. Sisemi hakuna mahali pengine, maana sheria ya mtumwa wa Kiebrania katika Kutoka 21 ni ya ndani kabisa, na Sauli mwenyewe anasema "Waebrania" katika 1 Samweli 13. Lakini mkondo mkubwa ndio huo.

Israeli ni jina la ndani. Yakobo alilipata baada ya kushindana mweleka usiku kucha kwenye kivuko cha Yaboki (Mwanzo 32), na kutoka kwake uzao wote ukaitwa wana wa Israeli. Hilo ndilo jina la watu waliotoka Misri, waliosimama Sinai, waliogawiwa nchi kabila kwa kabila. Kwa hiyo Musa ni mwana wa Israeli, au Mwisraeli, bila shaka yoyote. Ibrahimu sivyo, kwa sababu Israeli ni mjukuu wake.

Baada ya Sulemani ufalme ulipasuka, na jina la Israeli likapata maana ya pili, nyembamba zaidi. Makabila kumi ya kaskazini yakabaki na jina la Israeli. Kusini, kuzunguka Yerusalemu, ukabaki ufalme wa Yuda. Hapa ndipo neno Wayahudi linapozaliwa kama jina la watu, na linatokea mara ya kwanza mahali pa kushangaza. Fungua 2 Wafalme 16. Aya ya 5 inasema Resini mfalme wa Shamu na Peka mfalme wa Israeli walipanda kuupiga Yerusalemu. Aya ya 6 inasema Resini aliwafukuza Wayahudi kutoka Elathi. Maana yake, mara ya kwanza Maandiko ya Kiebrania yanapowataja Wayahudi kwa jina hilo, Wayahudi hao wako vitani na Israeli. Mwalimu anayesema maneno haya ni mamoja asomeshe aya hizo mbili darasani, halafu asikilize maswali ya watoto.

Kilichofuata ni historia. Samaria, mji mkuu wa kaskazini, ulianguka mikononi mwa Waashuri mwaka 722 KK, na wengi wakahamishwa. Yerusalemu nao ukabomolewa na Wababeli mwaka 586 KK, lakini watu wa Yuda walidumu pamoja uhamishoni, na waliorudi wakati wa Waajemi wengi walikuwa wa kwao. Jina lao likawafunika wote. Ushahidi uko Esta 2:5, ambapo Mordekai anatambulishwa kuwa Myahudi, na aya hiyo hiyo inamtaja kuwa Mbenyamini. Kwa kabila si wa Yuda, ila kwa taifa sasa anaitwa Myahudi. Kisha katika Esta 8:17 watu wengi wa nchi, wa asili nyingine kabisa, wanajifanya Wayahudi. Jina lilianza kuwa la kabila, likawa la ufalme, likawa la taifa lote, na hapa limekaribia kuwa la dini. Ndiyo maana karne nyingi baadaye Paulo, Mbenyamini mwingine, anajiita kwa majina yote matatu: Mwebrania na Mwisraeli katika 2 Wakorintho 11:22, Myahudi katika Matendo 22:3. Wakati wake yote matatu yalimfaa mtu mmoja. Wakati wa Ibrahimu lilikuwepo moja tu.

Basi mwenzako alitoa wapi "Myahudi wa kwanza"? Kwenye maana ya imani. Wayahudi wenyewe humwita Ibrahimu "baba yetu", na mtu wa asili nyingine anayeingia katika dini yao hupewa jina la kuitwa mwana wa Ibrahimu, kwa kuwa agano lilianza naye. Kwa mapokeo hayo mtu anaweza kusema dini yao ilianza na Ibrahimu, na hatakuwa amekosea. Lakini ubaoni, mbele ya watoto, bila maelezo, maneno hayo yatasomeka kama taarifa ya ukoo. Zaidi ya hayo, mtoto wa Kikristo wa Morogoro ana jirani Mwislamu, na jirani huyo amefundishwa kutoka Sura ya Aal Imran, aya ya 67, kwamba Ibrahimu hakuwa Yahudi wala Mkristo. Ningeandika "Ibrahimu Mwebrania, baba wa imani", na nafasi ikiruhusu niongeze kwamba Wayahudi, Wakristo na Waislamu wote humhesabu kuwa babu yao wa imani.

Kuna matumizi ya leo ambayo hamkuyauliza, lakini siwezi kuyaacha, kwa sababu yanapotosha habari kila siku. Tangu mwaka 1948 kuna taifa la Israeli, na Mwisraeli sasa ni raia wa nchi hiyo. Karibu mmoja kati ya watano wa raia hao ni Mwarabu: huyo ni Mwisraeli asiye Myahudi. Na wapo Wayahudi wasio Waisraeli, wengine majirani zetu. Karibu na Mbale, Uganda, wanaishi Abayudaya, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Jina lao kwa Kiganda maana yake ni Wayahudi. Wanashika Sabato na kusali kwa Kiebrania, na ni Waganda kwa uraia. Mtangazaji anaposema "jeshi la Wayahudi" akimaanisha jeshi la Israeli, amewaingiza vitani wakulima wa Mbale. Aseme jeshi la Israeli. Kwa watu wa kale, kwa kuwa Kiswahili kina neno moja tu, Mwisraeli, kwa raia wa leo na kwa mtu wa zama za Musa, ninapendekeza "wana wa Israeli" au "Waisraeli wa kale". Waislamu wa pwani wana "Bani Israili", nalo linatenganisha vizuri.

Chungeni pia "Uyahudi". Katika Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, Uyahudi ni jimbo: Yesu anazaliwa "Bethlehemu ya Uyahudi". Katika Kiswahili cha leo Uyahudi ni dini, kama Ukristo na Uislamu. Mtoto anaweza kudhani Bethlehemu ni mali ya dini fulani. Mwambieni ni jina la nchi. Kuhusu lugha, yule amiri wa Ashuru aliyesimama nje ya ukuta wa Yerusalemu katika 2 Wafalme 18 aliombwa asiseme kwa "Kiyahudi", watu walioko ukutani wasije wakasikia. Kiyahudi hicho ni Kiebrania, kikiitwa kwa jina la ufalme wa Yuda. Siku hizi lugha tuiite Kiebrania tu.

Sasa "Mayahudi". Anayelichukia neno hili anasikia ma- ya kukuza na kudunisha, ile inayogeuza watoto kuwa matoto na wazee kuwa mazee. Kama umoja ni Myahudi, basi wingi wake ni Wayahudi, na ma- ingeonekana kweli kama dharau. Lakini pwani umoja wake mara nyingi ni Yahudi, bila m-, na maneno ya namna hiyo huchukua ma- kwa kawaida kabisa: nabii na manabii, kuhani na makuhani, shekhe na mashekhe. Biblia yenu wenyewe ina Mafarisayo na Masadukayo, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba ma- hiyo ni tusi. Kwa hiyo Yahudi/Mayahudi na Myahudi/Wayahudi ni jozi mbili halali. Shida ni kuzichanganya. Mtu akimwita mwenzake "yahudi" akimaanisha katili au mchoyo, hapo ametukana, awe ametumia umoja au wingi, na watoto wakemewe. Kwa daraka lenu la kufundisha andikeni Myahudi na Wayahudi, kwa sababu ndivyo Biblia zenu zinavyoandika na ndivyo masikio ya bara yalivyozoea.

Tahajia: Mwebrania, Waebrania, Mwisraeli, Waisraeli. Ile wa- haiungani na i- kuwa "We-" kama inavyoungana katika wezi, kwa sababu majina ya watu wa mataifa huachwa yabaki na umbo lake. Linganisha Mwingereza na Waingereza.

Ibrahimu na Abrahamu yote ni sahihi. Union Version inasema Ibrahimu, Musa na Sulemani, majina ambayo Kiswahili kilikuwa nayo kupitia Kiarabu kabla Biblia haijatafsiriwa. Biblia Habari Njema inasema Abrahamu, Mose na Solomoni, ikikaribia zaidi matamshi ya Kiebrania na Kigiriki. Fuateni Biblia iliyo mikononi mwa watoto, na msichanganye katika somo moja, maana mtoto akikuta Musa ukurasa huu na Mose ukurasa wa pili atawahesabu kuwa watu wawili. Kama darasa lina Biblia za aina zote mbili, andikeni majina yote mawili ubaoni siku ya kwanza, kisha mchague moja mwendelee nalo.