Barua kwa mwanangu: kile kijiti cha shingoni

Mwanangu,

Huku hatujambo, isipokuwa mahindi ya shamba la chini yamepigwa na jua. Uliniuliza kwenye simu mbona basi lako hapo Dublin limeandikwa "An Lár", yaani katikati ya mji kwa Kiayalandi, ilhali abiria wote wanaongea Kiingereza. Swali hilo halijibiki huku salio linakata.

Watakutajia njaa kwanza, na ni kweli. Mwaka 1845 viazi, chakula cha maskini wa Ayalandi, vilishikwa na ugonjwa vikaozea ardhini, na balaa hilo halikutulia hadi 1852 hivi. Walikufa watu wapatao milioni moja, wengine kama hao wakapanda meli, na muda wote huo nafaka na mifugo inapelekwa Uingereza. Magharibi, kwenye ngome ya Kiayalandi, ndiko kulikoumia zaidi. Mzazi aliyesalia alijua mwanawe huenda akaishia Boston, na kule Kiayalandi hakingempa ugali.

Lakini mimi ni mwalimu mstaafu, jicho langu linakwenda darasani. Mtoto alifungwa kijiti shingoni kwa uzi, bata scóir. Akiteleza neno la Kiayalandi, kijiti kinakatwa alama. Jioni alama zinahesabiwa, anachapwa. Wapo wazazi waliokata alama hizo wenyewe, nyumbani, karibu na moto.

Bretagne, huko Ufaransa, mtoto aliyeongea Kibretoni alipewa kitu abebe, mara nyingi kiatu kikuukuu cha mbao. Angekitua vipi? Amnase mwenzake akiongea Kibretoni, amkabidhi. Aliyelala nacho ndiye aliyeadhibiwa. Hapo mwalimu hana kazi. Watoto wanachungana wenyewe.

Waskoti wa milimani walianza kwa kuvuliwa nguo. Walishindwa na jeshi la mfalme wa Uingereza pale Culloden, Uskoti, tarehe 16 Aprili 1746, vita visivyofika saa moja, kisha sheria ikapiga marufuku vazi lao la miraba: kosa la kwanza, miezi sita jela. Ilifutwa mwaka 1782, na leo bwana harusi hulivaa akapigwa picha. Kigaeli, lugha yao, hakikupata bahati hiyo. Sheria ya elimu ya 1872 iliyowaingiza watoto wote shuleni haikukitaja hata mara moja.

Sasa la kwangu. Shuleni kwetu tulikuwa na diski, kipande cha mbao chenye tundu na kamba. Aliyeongea Kikamba alikivaa hadi amnase mwingine. Nilikivaa nikiwa darasa la nne, nikajificha nyuma ya tangi la maji nikimvizia rafiki yangu aropoke. Akaropoka. Miaka ishirini baadaye, nikiwa mwalimu wa zamu, diski ilikaa kwenye droo yangu, na sikumbuki kama niliwahi kuionea haya.

Wewe ulipozaliwa nilimwambia mama yako tukuzungumzishe Kiingereza na Kiswahili tu, usije ukachekwa mjini. Hatukuhitaji diski. Ndiyo maana ukija likizo unakaa na nyanyako mnatabasamu tu, mimi katikati nikifasiri.

Jumapili nitampelekea simu. Ongea naye hivyo hivyo, hata kwa maneno matatu. Mimi nitakuwa nje na ng'ombe.

Babako